Zimebaki siti 2: nani kawapa haki ya kutuharakisha?

Mwaka juzi mama mkubwa alifariki, na mdogo wangu anayefanya kazi Muscat hakuwahi mazishi, basi tukakubaliana angalau arobaini asiikose. Mimi ndo nilikuwa na kadi inayokubali kulipa mtandaoni kwa hiyo nikakaa na simu usiku natafuta tiketi ya Muscat kuja Dar, nikaipata kwenye saiti moja kwa bei nzuri tu, na juu ya bei kuna maandishi mekundu: zimebaki siti 2 kwa bei hii. Pembeni kuna saa inahesabu kurudi nyuma, dakika 14, dakika 13. Chini yake tena: watu thelathini na kitu wanaangalia safari hii sasa hivi. Nikampigia mdogo wangu, hapokei, yuko kazini. Nikamtumia wasap, tiki moja. Alishaniambia bado hajaongea na bosi wake kuhusu ruhusa, nilikuwa najua kabisa, ila ile saa ilikuwa inakatika tu, ikafika dakika 4 nikalipa.

Asubuhi akanijibu: bosi kamruhusu kuanzia Alhamisi. Mi nimemkatia Jumanne. Kubadili tarehe ikawa ni ada ya shirika la ndege, ada ya saiti yenyewe, na tofauti ya nauli juu yake, jumla karibu nusu ya tiketi. Kabla sijalipa hiyo nusu nikafungua ile saiti tena, nikatafuta upya, mtu mmoja, Jumanne ileile. Bei haijabadilika. Na maandishi mekundu yako palepale: zimebaki siti 2.

Nilikuja kuelewa hiyo "2" inaweza kutoka wapi niliposoma kesi moja ya Marekani. Machi 2022 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Letitia James, alimalizana na kampuni inayoitwa Fareportal, wenye saiti za CheapOair na OneTravel, wakalipa dola milioni 2.6. Uchunguzi ulikuta kwamba ule ujumbe wa siti zilizobaki haukuwa unahesabu siti zozote, programu ilikuwa inachukua idadi ya tiketi unazotafuta inaongeza moja. Ukitafuta moja unaambiwa zimebaki 2. Familia ya watu wanne inaambiwa zimebaki 5. Na ile idadi ya watu wanaoangalia safari ilikuwa namba inayookotwa kwa kubahatisha kati ya 28 na 45, hakuna mtu aliyehesabiwa. Hili la namba kuna mtafiti wa usalama wa mitandao alishaligundua tangu 2019, alifungua tu kodi ya ukurasa wa OneTravel, yaani maandishi ya programu yaliyo nyuma yake, akakuta kile kipande kinachoandika idadi ya watu kimepewa jina lenye neno la kubahatisha ndani yake. Yaani aliyekiandika hakujisumbua hata kuficha, aliamini hakuna abiria atakayefungua kuangalia, na alikuwa sahihi kwa karibu watu wote.

Saiti niliyotumia mimi haikuwa hizo mbili na sijui kodi yake imeandikwaje, kwa hiyo siwezi kuishtaki kwa kosa la wengine. Ninachokijua ni kilichonipata mimi: nilikuwa na jambo moja tu la kufanya usiku ule, kusubiri jibu la mdogo wangu, na skrini ikanitoa kwenye hilo jambo.

Hapa ndo kuna hoja yangu yote. Mjadala wa hizi mbinu kila mara unaenda kwenye pesa, watu wamelipishwa zaidi, watu wamefichwa ada, na ni kweli. Lakini kitu cha kwanza kinachochukuliwa sio pesa, ni muda wa kufikiri na kushauriana. Sisi safari ya ndege hatuikati mtu mmoja peke yake. Unauliza ruhusa kazini, unamuuliza kaka kama anachangia, unamuuliza mama tarehe ya shughuli, unasubiri mtu wa mzigo aseme anataka kilo ngapi. Mtu akikukatia hayo mazungumzo kwa kukutisha na kitu ambacho hakipo, amekuibia hata kama tiketi yenyewe ilikuwa rahisi kweli.

Kuna watu watasema biashara ni ushawishi tangu enzi na enzi, na wapiga debe je? Ni swali la haki. Kila aliyepanda gari za mkoani anawajua. Unafika stendi, Noah iko nusu, jamaa anapiga kelele "bado wawili tunaondoka, wawili tu," ndani unaona vichwa vimejaa, unalipa unakaa, halafu vile vichwa vinaanza kushuka kimoja kimoja kumbe ni wenzake walikaa kujaza macho. Nairobi kwenye matatu mchezo ni uleule. Ni uongo, na mimi siutetei, nimeshakaa saa nzima na nusu juani kwa sababu yake.

Ila angalia mpiga debe hana nini. Hana uficho. Uso wake unauona, unajua analipwa kwa kila kichwa anachojaza. Unaweza kuchungulia dirishani ukahesabu siti mwenyewe, ukamuuliza mama anayeuza karanga hili gari limefika saa ngapi, naye atakwambia. Nauli ya basi la mkoani kwetu ina kikomo kilichowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, na mwenzako wa siti ya pembeni anaijua. Na uongo anaousema ni mmoja kwa watu wote, wakiwa pamoja, wanaosikia na kuangaliana. Sasa toa hayo yote. Mtu yuko chumbani peke yake saa sita usiku, hana dirisha la kuchungulia, hana wa kumuuliza, namba imetengenezwa kwa ajili yake yeye kutokana na alichotafuta yeye, na anayemsemesha hana uso. Mpiga debe akikudanganya unabaki na akili yako na macho yako. Kule kwenye skrini macho yako ndo yenyewe yanatumika kukudanganya.

Mwaka 2010 mbunifu mmoja wa Uingereza, Harry Brignull, alizipa hizi mbinu jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema mbinu za giza, akafungua na saiti ya kuzikusanya. Miaka tisa baadaye watafiti wa chuo kikuu cha Princeton walipitisha programu kwenye saiti za kuuza vitu kama elfu 11 hivi wakakuta matukio 1,818 ya mbinu za namna hiyo, zikiwemo saa za kuhesabu ambazo zikifika sifuri hakuna kinachotokea, ofa inaendelea kama kawaida. Hizo zilikuwa saiti za bidhaa, mashati na vyombo. Kwenye usafiri nadhani ubaya ni mkubwa zaidi na nitasema kwa nini.

Shati ukilinunua kwa haraka ukiwa Ulaya sheria inakupa siku 14 za kulirudisha kama umelinunua mtandaoni. Sheria hiyohiyo imetoa nje usafiri, pamoja na vyumba vya kulala vya tarehe maalumu. Sababu yake inaeleweka, siti ikishapaa tupu haiuziki tena, hoteli haiwezi kukaa inasubiri watu waamue kwa wiki mbili. Sawa. Lakini ona matokeo yake: bidhaa ambayo mteja hana haki ya kurudisha ndiyo hiyohiyo inayouzwa kwa kelele nyingi kuliko zote za haraka haraka, taima, maandishi mekundu, watu wanaangalia. Mahali ambapo kosa halisameheki ndipo mtu anasukumwa akosee. Mi naona hilo peke yake lingetosha kuwafanya wanaobuni hizi kurasa wasilale usingizi.

Kuna uongo mtupu kama ule wa New York, na kuna kitu kigumu zaidi, ukweli uliokatwa nusu. Rafiki yangu ana nyumba ya wageni Paje, Zanzibar, vyumba 9. Saiti moja kubwa kaipa vyumba 2, vingine anauza mwenyewe kwa simu na kwa wageni wanaorudi kila mwaka. Kikichukuliwa kimoja saiti inaandika kimebaki chumba 1, na mgeni aliyelipa kwa presha ya hicho kimoja akafika akakuta vyumba sita viko wazi na milango inapigwa upepo. Akamuuliza mwenye nyumba kwa nini mlinidanganya. Rafiki yangu hakuwa ameandika neno hata moja pale. Kimebaki kimoja ni kweli, kimebaki kimoja kwenye saiti hii, na yale maneno matatu ya mwisho ndo yaliyoachwa. Tume ya Ulaya iliyaona hayo hayo kwa Booking.com, na Desemba 2019 kampuni ikakubali kwamba kufikia katikati ya Juni 2020 itaeleza wazi kuwa chumba cha mwisho ni cha mwisho kwenye jukwaa lake tu. Maneno matatu, na ilibidi serikali za Ulaya zikae mezani kuyapata.

Kwenye ndege ni hivyohivyo. Siti za nyuma ukiziona zote sawa lakini kwenye mfumo zimegawanywa mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake, na skrini ya wakala kwa kawaida inaonyesha mwisho siti 9 kwa fungu hata kama ziko 40. Kwa hiyo "zimebaki 2 kwa bei hii" inaweza kuwa kweli kabisa, fungu la chini limebaki na mbili na likiisha unaingia la juu. Hiyo taarifa ni ya msaada na mimi naitaka. Tatizo ni kwamba iliyo kweli na ya kutunga zinaandikwa kwa rangi ileile nyekundu na maneno yaleyale, na abiria hana namna ya kuzitofautisha, matokeo yake aliyesema kweli analipwa sawa na aliyetunga. Saiti mwaminifu inaumia hapo, hilo watu wa hii biashara wenyewe wangepaswa kulipigia kelele kabla yetu.

Halafu kuna bei iliyokatwa kwa mstari. Trivago, saiti ya kulinganisha bei za hoteli, ilipelekwa mahakamani Australia na mamlaka ya ushindani ya kule, na moja ya mambo yaliyothibitika ni kwamba bei iliyokatwa na bei nyekundu pembeni yake zilikuwa wakati mwingine za vyumba viwili tofauti ndani ya hoteli moja, chumba cha kifahari kimekatwa, chumba cha kawaida ndo "ofa". Na ile ofa inayowekwa juu kabisa kama ndo bora haikuwa lazima iwe ya bei ya chini, katika asilimia 66.8 ya hoteli zilizoangaliwa kulikuwa na ofa ya bei ndogo zaidi na haikuwekwa pale, aliyelipa zaidi kwa kila mbofyo ndo alikuwa na nafasi nzuri. Aprili 2022 wakapigwa faini ya dola za Australia milioni 44.7. Hungary nayo ilishawatoza Booking.com forinti bilioni 2.5 mwaka 2020, kwa matangazo ya kughairi bure na kwa hii hii presha ya kisaikolojia. Italia 2014 walilitoza shirika la ndege la Ryanair euro laki nane na nusu kwa habari ya bima, kwa sababu ili usinunue bima ilibidi uingie kwenye orodha ya nchi unayoishi ukatafute katikati ya majina ya nchi kuna mstari unasema sitaki bima. Hebu fikiria aliyekaa ofisini akaamua kwamba "sitaki" ni nchi.

Najiuliza sana kuhusu huyo mtu aliyekaa ofisini, na nadhani jibu ni baya kuliko tunavyodhani, mara nyingi hakuna mtu aliyeamua. Booking.com wenyewe wanajulikana kwa kuendesha majaribio zaidi ya elfu moja kwa wakati mmoja. Jaribio linafanyika hivi: nusu ya wageni wanaonyeshwa maandishi mekundu, nusu hawaonyeshwi, upande uliouza zaidi unabaki. Hakuna kikao ambapo mtu anasimama aseme jamani tuwatishe wateja. Mashine inachagua yenyewe kinachouza, na hofu inauza, basi ukurasa unajaa hofu taratibu mwaka baada ya mwaka na kila aliyehusika anaweza kusema kwa dhati kabisa mimi nilifuata data. Na ukiwauliza watakwambia wateja wenyewe wamechagua, si wamebofya?

Kubofya sio kuridhia. Jaribio lile linapima dakika 15 za kwanza, halipimi Jumanne na Alhamisi. Halikupima kwamba nilifungua ile saiti asubuhi nikajisikia mjinga, wala kwamba mdogo wangu mpaka leo akitaja ile tiketi anaomba msamaha wakati kosa sio lake. Kama wangepima majuto baada ya wiki tatu kwa bidii ileile wanayopima mauzo, data ingesema kingine. Wanaopima wamechagua cha kupima, na hapo ndo maadili yalipo, hayako kwenye mashine. Ukichagua kipimo umechagua na tabia.

Sitaki nionekane nazichukia hizi saiti. Rafiki yangu wa Paje anakatwa kamisheni ya asilimia 15 na zaidi na bado anasema bila saiti asingempata mgeni kutoka Poland au Brazil, matangazo ya namna hiyo asingeyamudu maisha yake yote. Na mawakala wa zamani walikuwa na zao, bei ilitegemea umevaaje. Kulinganisha nauli za mashirika kumi kwa dakika mbili ni jambo kubwa ambalo mzee wangu hakuwa nalo. Ndiyo maana inaniuma, kwa sababu kitu chenyewe ni kizuri hata bila uongo.

Uingereza walijaribu kushughulika nalo kwa jumla. Februari 2019 mamlaka yao ya ushindani na masoko ilitangaza kampuni 6 zimekubali kubadilika: Expedia, Booking.com, Agoda, Hotels.com, ebookers na trivago, kuhusu presha, ada zilizofichwa, punguzo za uongo na kupanga hoteli kwa kufuata kamisheni bila kusema. Ukiyasoma hayo majina unadhani soko zima limeguswa, na limeguswa kweli, ila angalia wenye mali: Booking.com na Agoda ni nyumba moja, na nne zilizobaki ziko chini ya Expedia. Majina 6, nyumba 2. Kwa hiyo lile wazo la kwamba mteja asipopenda atahamia saiti nyingine, mara nyingi anahama chumba tu ndani ya nyumba ileile.

Na sisi? Kenya ina sheria ya kumlinda mlaji ya 2012, Tanzania ina sheria ya ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, FCC, na udanganyifu kwa mteja unakatazwa kote kuwili. Sheria ya kukataza uongo tunayo, tusijifanye hatuna. India Novemba 2023 walikwenda mbali zaidi wakatoa mwongozo unaotaja mbinu 13 za giza kwa majina, na haraka ya uongo imo. Orodha ya namna hiyo sio kazi ya miaka, FCC na wenzao wa Nairobi wangeweza kukaa nayo wiki moja. Najua saiti zenyewe ziko Amsterdam na Seattle, lakini mashirika ya ndege yanatua kwetu kwa vibali vyetu, na mawakala wa kwetu wanaoanza kunakili zile taima na yale maandishi mekundu wana leseni zetu.

Kama ningeombwa kitu kimoja tu nisingeomba faini. Wamarekani wana kanuni kwamba ukikata tiketi kwa shirika la ndege siku 7 au zaidi kabla ya safari, shirika lazima likuruhusu ama kushikilia ile bei saa 24 bila kulipa, au kughairi ndani ya saa 24 na kurudishiwa chote. Saa 24 tu. Ndege hazijafilisika kwa hilo. Na inaondoa ukali wa ile taima bila kugusa hata rangi yake, wacha ihesabu inavyotaka, mtu anajua kesho asubuhi bado ana neno. Kanuni hiyo inayabana mashirika yenyewe, mawakala wa mtandaoni wana upenyo, na kwetu upenyo huo ungezibwa tangu mwanzo kwa sababu wengi wetu tunakatia huko. Ningekuwa na saa 24 usiku ule, jibu la mdogo wangu lilikuja baada ya saa 7.

Yeye siku hizi hanitumi tena mimi. Kuna wakala Ruwi, hukohuko Muscat, kaofisi kadogo karibu na anapopandia basi, anaenda anakaa, anaambiwa bei ya leo ni hii na sababu yake ni hii, anashikiwa buking mpaka kesho yake jioni bila kutoa hela, anarudi kazini anamuuliza bosi. Bei inazidi ya kwenye simu kidogo. Desemba iliyopita alikuja, na tarehe ilikuwa ileile aliyopewa ruhusa.